Salamu Kabla ya Mbio

Mimi farasi sijawahi kumwona kwa macho yangu. Nimezaliwa Handeni, na kule mnyama wa kubeba mzigo ni punda. Siku ya mnada utawaona punda wa Wamasai wamesimama juani na madumu ya maji ubavuni, wamenuna, hawana habari na mtu. Kwa hiyo mtu angeniambia kwamba uzeeni nitakuja kupanda farasi kwenye simu, nikishindana na watoto wa Dar es Salaam, ningemwambia akapime malaria.

Aliyeniingiza humo ni binti yetu, kitinda mimba. Alikuwa amepata kazi za ndani Uarabuni, na wiki ile ya kuondoka alishinda na mimi kwenye kibanda changu cha pumba hapa Manundu, Korogwe. Siku moja akachukua simu yangu bila hata kuniomba. Nikamuuliza, unafanya nini? Akasema, "Baba, wewe kwenye simu huongei. Mtu anakupigia, unasema haya, haya, haya, ongea na mama yako, basi. Sasa mimi na wewe tutacheza." Na ni kweli. Simu kwangu ni kitu cha kuambiwa kwamba mzigo wa mashudu umefika. Kuulizana umekula nini, umelalaje, na mtu nisiyemwona uso, siwezi, naona kama naongea peke yangu.

Mchezo wenyewe hauna kamari, ungekuwa nayo ningeitupa hiyo simu chooni. Unapewa farasi na zizi. Kila siku unamwekea majani na maji. Usipomlisha anakonda, na akikonda sana mchezo unamtoa zizini kwako na kumrudisha sokoni, anachukuliwa na mwingine. Halafu kuna mbio. Farasi wanane wanaingia kwenye vibanda vya kuanzia, kila mmoja anabonyeza neno "tayari", geti linafunguka, mnakimbia. Pembeni kuna mahali pa kuandikiana. Farasi wa binti alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Wangu alikuwa wa kijivu, mzito, wa kuanzia. Mke wangu alipomwona akasema, "Mmefanana."

Mara ya kwanza niliingia peke yangu, alasiri, binti keshasafiri. Nikakuta wenzangu saba, wote watoto kwa jinsi walivyokuwa wakiandika. Sasa mimi nilivyolelewa, mtoto akikukuta mahali anaanza yeye: shikamoo. Nikasubiri. Nikaona wanabonyeza tayari, huyu, na huyu, hakuna hata mmoja aliyeniamkia. Nikasema moyoni, hawa wamelelewa na nani? Nikaanza kuandika kwa kidole kimoja: "Vijana, salamu hamna?" Kumbe mbio zile za watu wote hazimsubiri mtu. Ninainua macho, geti lilishafunguka, wenzangu siwaoni hata vumbi lao, na farasi wangu kasimama kibandani vile vile kama punda wa mnadani. Mmoja akaandika, "Mzee, shikamoo mwisho Chalinze. Bonyeza twende." Wengine wakamwaga zile nyuso za manjano za kucheka.

Nilizima simu. Nilikasirika, tena sana, hata mteja aliyekuja kuulizia pumba za kuku nilimjibu vibaya. Ukubwa jalala, wanasema, lakini jalala nalo lina siku linachoka kutupiwa. Jioni binti alipompigia mama yake, mama yake akamsimulia yote, anacheka mpaka kanga inamdondoka. Nilitoka nje.

Kesho yake nikaona nimealikwa kwenye chumba kingine cha mbio. Kilikuwa cha kikundi kidogo cha watu wanaoandika Kiswahili, kikundi alichokuwa akicheza nacho binti. Anayekiongoza ni mwanamke ambaye sura yake siijui mpaka leo, kaweka picha ya birika la chai. Huyo wa birika akaandika, "Shikamoo mzee. Karibu. Hapa kwetu mbio hazianzi mpaka salamu ziishe." Nikadhani ananikebehi. Lakini kwenye chumba chao geti halifunguki mpaka wote wamebonyeza tayari, na kweli hakuna aliyebonyeza. Zikaanza kushuka shikamoo, moja moja, nami nikawa najibu moja moja, marahaba, marahaba, na kwa kidole hiki changu kinene marahaba moja ni sawa na kupalilia tuta zima. Walisubiri. Vijana ambao nina hakika hata chai wanakunywa wakiwa wamesimama, walinisubiri mimi nitafute herufi ya B.

Sikuuliza nani aliwaambia.

Wa mwisho kuamkia alikuwa binti mwenyewe. Aliandika vile vile alivyokuwa akisema tangu yuko darasa la kwanza, akiingia mlangoni na vumbi mpaka kwenye nyusi, yote kwa pumzi moja: "Shikamoo baba, uji upo?" Vijana wakachangamka. Mzee, na sisi tunataka uji! Nikaandika, "Marahaba. Upo." Tukakimbia, nikawa wa saba. Wa saba kati ya wanane, mimi huyu! Nilifunga kibanda mapema nikaenda kumwambia mke wangu kwamba nimemshinda mtu.

Ikawa kila siku mimi ni wa saba. Nilichelewa kugundua kwamba kila mbio kuna mmoja anabaki nyuma yangu, farasi wa maana kabisa, anajikokota kama aliyeangusha sindano. Nikamuuliza wa birika. Akanijibu, "Mzee, mgeni anasindikizwa. Ukishajua kukimbia tutakuacha, usijali." Kila mgeni wanamfanyia hivyo. Wanamweleza asimchape farasi mwanzoni, wanamgawia majani ya kuanzia, na mmoja anabaki nyuma yake ili asiwe wa mwisho. Nyuma yangu mara nyingi alibaki yule mwekundu mwenye baka. Mwanangu yuko ng'ambo, amechoka na kazi za nyumba ya watu, na hako kamuda kake anakopata anakatumia kuwa nyuma ya baba yake.

Halafu akanyamaza.

Simu ikawa haiiti. Ujumbe ukawa hauendi. Tulisema labda chaji, labda mtandao, labda wamesafiri na mabosi wake. Maneno hayo yakaisha. Dalali aliyempeleka akawa hapokei, kisha namba yake nayo ikafa. Tulikwenda kote tulikoambiwa twende, tukaandikisha, tukaambiwa subirini. Mke wangu alilia. Alilia jikoni, alilia anaswali, alilia akisonga ugali. Mimi sikulia. Majirani wakanisifu kwamba nimejikaza kiume. Wapi! Ukiukalia mguu muda mrefu unafika mahali hata ukifinywa husikii. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima. Nafungua kibanda, napima pumba, nafunga. Mtu akiniuliza binti hajambo huko, nasema hajambo, kwa sauti ile ile ninayosemea kwamba za mahindi zimeisha, zimebaki za mpunga. Nilijua ninachotakiwa kukiogopa. Tulishasikia ya wengine waliorudi kwenye sanduku. Nilikuwa nakijua kama unavyojua jina la mji ambao hujawahi kufika.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera, nacho ni uji. Mke wangu, mtoto wa Mnyuzi huyu, aliyekulia kwenye nyumba za wakata mkonge ambako chakula hakimwagwi, alikuwa kila jioni anapika uji kama zamani, anautia kwenye chupa. Hatunywi. Asubuhi tunawamwagia kuku. Siku moja nikamfokea, "Unampikia nani huo uji?" Akanitazama. Akaendelea kukoroga.

Kwenye mchezo nilirudi kwa sababu nyingine, si ya kucheza. Nilifikiri farasi wake atakuwa amekonda, labda ameshaondolewa. Mnaokaa chumba kimoja mnaweza kulisha zizi la mwenzenu, lakini ni kwa majani yenu wenyewe, na majani yangu hayakuwa mengi. Nikafungua zizi la binti. Mwekundu alikuwa kanenepa, maji yamejaa, majani mabichi. Nikatazama tena kesho yake, vile vile. Nikamuuliza wa birika. Akasema, "Tumegawana siku, mzee. Akirudi asikute zizi tupu." Akaongeza, "Wewe njoo kwenye salamu tu, hata usipokimbia." Nilitakiwa kusema ahsante. Niliandika "haya".

Nikawa naenda kwenye salamu. Shikamoo mzee, marahaba. Hakuna aliyeniuliza habari za binti, na nilijua hawaulizi kwa makusudi. Safari moja kijana mmoja alijisahau, akaandika, "Mzee, uji upo?" Maneno yale hayakukaa, wa birika aliyafuta pale pale, akamwandikia, "Hiyo ina mwenyewe." Yule kijana akaomba radhi. Mimi nikabonyeza tayari.

Wakati wa mavuno nilikwenda Handeni kwenye shamba alilotuachia mama yangu. Kule mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, basi kila alasiri ndugu zangu walikuwa wananiona nimesimama juu yake, mkono juu, mtu mzima mwenye mvi. Wakadhani nampigia mtoto. Nilikuwa nakwenda kutazama kama farasi amekula. Amekula. Nashuka, naendelea kupukuchua mahindi. Na huko huko kichuguuni ndiko siku moja aliingia mgeni chumbani kwetu, mama wa Mwanza kwa maelezo yake, hajui hata hatamu iko wapi. Geti lilipofunguka farasi wake akaenda upande upande. Wenzangu walikuwa wameshatangulia. Nikavuta hatamu, wa kijivu akapunguza, yule mama akapita. Nikawa wa nane kwa kupenda kwangu. Yule mama akaandika, "Jamani nimemshinda mtu!" Nilisoma, nikasikia kitu kidogo sana kinatekenya mahali fulani, kikaacha. Nikashuka kichuguuni.

Niliporudi Korogwe mambo yalikuwa yale yale. Mke wangu kakonda kuliko alivyokuwa, chupa ya uji ipo mezani.

Siku yenyewe haikuwa na alama yoyote. Nilikuwa nimeswali alasiri, nimekaa juu ya gunia kibandani, jua linapiga kwenye bati. Chumba kikafunguliwa. Shikamoo mzee. Marahaba. Shikamoo mzee. Marahaba. Yule mama wa Mwanza naye, ingawa nadhani tunalingana, akaandika shikamoo yake kwa utani, nikamwambia aache kunizeesha. Nikawa nataka kubonyeza tayari, ikashuka nyingine.

"Shikamoo baba, uji upo?"

Damu ikanipanda. Nilijua ni yule kijana, amerudia, na safari hii nitamtukana, potelea mbali. Nikaanza kutafuta herufi za tusi. Ndipo nikaona vile vibanda vya kuanzia. Kwenye cha mwisho, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kikijazwa na yeyote, amesimama farasi mwekundu, mnene, mwenye baka jeupe usoni. Zizini watu wanaweza kukulishia. Kumwingiza farasi kwenye mbio anaweza mwenyewe tu.

Yaliyompata huko alikokuwa, na simu yake ilikuwa kwa nani, na nani alimwazima hiyo aliyoandikia, alitusimulia baadaye, na hayo ni yake. Siyaandiki mimi. Ninachoweza kuandika ni changu: ganzi haitoki kwa upole. Ilianza kwenye vidole, ikawa inachoma, ikapanda mikononi, ikafika kifuani, nikashika gunia nisianguke. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele yangu na ndoo, anataka debe la pumba. Nikamwonyesha kwa mkono achote mwenyewe. Akaniuliza, "Mzee, kuna msiba?" Nikatikisa kichwa, machozi yananidondokea kwenye kioo cha simu mpaka herufi zinajibonyeza zenyewe.

Kule chumbani hakuna aliyeandika neno. Hakuna aliyebonyeza tayari. Farasi wote wamesimama vibandani, na wa birika na vijana wa Dar es Salaam wananisubiri.

Nikafuta kioo kwa shati. Nikakumbuka chupa iliyo mezani kwetu, na kuku ninaowamwagia kila asubuhi, na swali nililomfokea mke wangu. Nikatafuta herufi moja moja.

"Marahaba, mwanangu. Upo."