Mwalimu Kidole na Mtoto Waliyemwita Jiwe

Kila asubuhi kabla ya kengele, mwalimu wa darasa la tatu alipanda juu ya tofali nyuma ya ofisi ya walimu, mahali pekee mtandao ulipokamata, akainua simu yake yenye kioo kilichopasuka na kuandika swali la siku. Namna ya kufundisha kugawanya. Namna ya kuchora ramani bila karatasi kubwa. Humo mtandaoni alikuta walimu asiowajua, kila mmoja na chaki yake na shida zake, wakijibizana. Wenzake ofisini wakambandika jina: Mwalimu Kidole.

"Kidole, leo umevua nini huko?"

"Nimevua akili. Nikugawie kidogo?"

Darasani kwake kulikuwa na binti waliyemwita Jiwe, kwa sababu ukimwita hageuki. Alishapigishwa magoti mpaka magoti yakaota sugu. Mwalimu mkuu alikata shauri: huyo mkaidi, Ijumaa anarudishwa kwao moja kwa moja.

Mwanzoni Mwalimu Kidole naye aliteleza. Alitafuta "mtoto mkaidi darasani", akaletewa alichoomba: fimbo, adhabu na watu wa kumpa pole. Akazima simu kwa hasira. Kesho yake akakaa akimtazama tu yule mtoto, kisha akaandika alichokiona: hageuki akiitwa kutoka kushoto, macho yake hayabanduki midomoni mwa watu, ya ubaoni hakosei.

Mwalimu mmoja wa mbali akamjibu: "Dada, huyo si mkaidi. Hasikii vizuri. Mhamishe kiti, sikio la kulia likuelekee."

Akamhamisha. Jiwe akajibu hesabu moja, akajibu na ya pili, darasa likaduwaa.

Habari zikamfikia mkuu, lakini si za hesabu. Akamweka mwalimu kikaangoni mbele ya wenzake, wakati wa chai.

"Unatuanika mtandaoni, mwalimu?"

"Sikutaja shule, mkuu. Niliuliza tu."

"Si ungeniuliza mimi?"

"Nilikuuliza. Ukasema apigwe."

Mtu mmoja akapaliwa na chai.

"Nenda ukafute! Sifundishwi kazi na simu. Na mtoto Ijumaa anaondoka. Hutaki, ondoka naye leo."

"Mama yake nimeshaongea naye, amekubali, mkuu. Yule mwalimu wa mbali aliyenijibu, shule yao inampokea. Na mimi wananitaka."

Akatoka. Kupitia dirishani wakamwona amepanda tofali lake, kidole kinakwenda mbio. Mkuu akatabasamu, akanywa chai.

"Umefuta?" akamwuliza kwa sauti.

"Nimeongeza."

"Umeongeza nini?"

"Neno lako, 'mkaidi'. Nimeliweka juu kabisa ya andiko langu: 'Mtoto mkaidi darasani? Soma hapa kwanza.' Kuna mwalimu mahali atalitafuta hilohilo, kama mimi. Akilitafuta, anikute mimi, asikute fimbo."

Akashuka. Ufunguo wa kabati la darasa akauweka kwenye kizingiti cha dirisha, karibu na kikombe cha mkuu. Kisha akaenda darasani, akasimama upande wa kulia wa yule binti na kumwita kwa jina alilopewa na mama yake. Binti akageuka mara moja. Akachukua mkoba wake, wakashikana mikono, wakavuka uwanja mchana kweupe huku walimu wamejazana dirishani.

"Kidole! Rudi hapa!" mkuu akafoka.

Safari hii aliyekataa kugeuka ni mwalimu. Wakatoka getini, na hawakurudi tena.