Trei Mbili za Siku ya Damu

Shangazi yangu ni dobi wa hospitali. Shuka za wodi nne hupita mikononi mwake, lakini hakuna anayemjua kwa shuka. Anajulikana kwa sandwichi. Kila mara hospitali inapoita watu kuchangia damu, yeye ndiye anayewalisha, na ufunguo wa jiko anauvaa shingoni kama nishani. Kwa miaka minane nimeona wanaume wazima, waoga wa sindano, wakikunja mikono ya shati kwa sababu tu ya harufu ile.

Siri yake ni uvivu, ingawa ukimwambia hivyo utakula mwiko. Hahangaiki na mkate mmoja mmoja. Ananunua ile midogo inayouzwa ikiwa imeshikana kumi na mbili, anaipasua yote ubavuni kwa mkato mmoja, ghorofa ya chini inalala kwenye trei, juu yake kuku aliyechambuliwa na jibini, kisha ghorofa ya juu inarudi kama paa. Anamwagia siagi ya moto yenye kitunguu saumu, anafunika kwa foili, anaichomeka kwenye oveni dakika ishirini. Watu kumi na wawili wanapata chao kabla hujamaliza kumsema jirani.

Halafu kaka yangu akaoa. Wifi yangu ni mpole, mrefu, na ana meno ya tangazo la dawa ya mswaki.

"Mtoto wa watu ana adabu mpaka inaudhi," Shangazi alilalamika.

Kilichomchoma hasa ni maneno ya matroni, tena mbele ya wafuaji wenzake: "Mama Dobi, safari hii watu watakuwa mara mbili. Huyu mkwe wenu naye apike. Nitaonja trei zote, halafu nijue jiko nimwachie nani."

Shangazi alicheka. Nakijua kicheko kile, ni cha mtu aliyekanyagwa kidole kidogo.

Jioni ile wifi alikuja jikoni kwetu. "Shangazi, naomba unielekeze. Foili naweka mwanzo au mwisho?"

Shangazi alikuwa anasugua trei ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. "Foili ya nini, mwanangu? Acha wazi kabisa. Mkate unataka kupumua."

Mimi nilikuwa nakata vitunguu. Diploma yangu ya upishi niliiachia njiani, lakini hata mlinzi wa chuo anajua mkate usiofunikwa unakauka. Nikamtazama Shangazi.

"Kata vitunguu wewe," akaniambia. "Hayo macho yatumie kulia."

Siku ya damu ikafika. Trei za Shangazi zilitoka laini kama siku zote. Za wifi zilitoka na paa la rangi ya asali, siagi imekaangika juu, jibini limevuja pembeni likawa gumu na tamu, na ndani kuku bado anatoa mvuke. Foleni ikahama, bila hata aibu. Dereva wa gari la wagonjwa alichukua tatu, na hakuwa ametoa hata tone. Shangazi akabaki nyuma ya trei zake akizifukuzia nzi ambao hawakuwepo.

Matroni aliuma, tukasikia mlio hadi dirishani. "Nani kakufundisha hii?"

"Shangazi," wifi akajibu, mikono kifuani. "Kanipa siri yake yote. Yeye ndiye aliyeniambia nisifunike."

Watu wakampigia Shangazi makofi. Sijawahi kuona mtu akiteswa na makofi namna ile.

Matroni akamgeukia. "Kumbe, Mama Dobi! Na sisi miaka yote unatufunikia?"

Shangazi akainua kidevu. Kukubali kwamba alidanganya, hawezi. "Nilikuwa nasubiri wa kumrithisha," akasema.

"Basi umempata."

Matroni akanyoosha kiganja. Shangazi alichukua muda mrefu sana kutoa kamba ile shingoni, akisingizia imenasa kwenye hereni. Wifi akapokea ufunguo huku amepiga goti. Adabu tena!

Nyumbani Shangazi hakuvua hata viatu. "Washa oveni," akaniamuru. Akapanga mikate kumi na miwili, akamwaga siagi, foili akaitupa juu ya kabati.

Alikula amesimama, amenipa mgongo.

"Imekauka," akasema.

Alikula nne.