Kufuli la Bukuru

Siku hiyo naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Tuko mchangani Kibirizi, tumeanika dagaa, jua kali, kunguru wametuzunguka kama walioalikwa. Mimi na pacha wangu Bukuru. Yeye alitangulia kutoka tumboni, ndo maana yeye Bukuru, na mimi niliyefuata naitwa Butoyi; kwetu mapacha wote huitwa hivyo.

Choo kilikuwa kule juu barabarani. Basi wanawake walikuwa na mtindo wao: asubuhi hunywi maji, na mkojo ukija unaubana mpaka dagaa wakauke. Ukiondoka, kunguru wanakula, halafu wenzio wanakucheka.

Mimi nikaondoka. Bukuru huyo, sauti juu: "Mwoneni! Kibofu cha kuku!" Kicheko ufuko mzima, na mimi nacheka. Alikuwa na maneno yule, hee!

Mama Yunisi, mkubwa wetu pale, hakucheka. Akamletea kopo la maji.

"Bukuru, tangu alfajiri umekaza miguu. Kunywa, halafu nenda. Dagaa nakulindia mimi."

"Mama, mimi changu kina kufuli."

"Na likishika kutu?"

Bukuru akayamwaga yale maji mchangani, anacheka.

Haya. Ikaanza kumchoma akienda haja ndogo. Yeye akaona dawa ni kupunguza maji zaidi, ili asiende, asiumie. Kumwambia nesi, aibu! Akawa anachemsha majani tu, anakunywa vikombe viwili, basi. Siku tunampakia kwenye gari kwenda hospitali, homa inamtetemesha, mgongo haugusiki, mkojo una damu. Daktari akasema ugonjwa umepanda kwenye figo, tumechelewa.

Na mimi wameniachia hili jina. Huku kwetu ukisikia Butoyi, unajua kuna Bukuru. Juzi tu mgeni wa Kidahwe kaniuliza, anatabasamu: "Na Bukuru yuko wapi?" Nikamjibu yuko Ujiji. Si uongo, ndiko tulikomzika.

Kwa hiyo, mwanangu, kunywa maji kutwa, usingoje kiu. Mkojo ukija nenda, dagaa waliwe! Kaa utulie mpaka uishe wote. Ukijisafisha, toka mbele kwenda nyuma. Ukitoka kwa mume, pitia chooni. Mkojo ukichoma, siku hiyohiyo zahanati, na dozi umalize. Nesi hana la kukucheka, na anayekucheka ufukweni mwache acheke.

Mungu akupe mwili mwepesi, akupe na mtu wa kukulindia dagaa zako. Na pacha wako uliyekuja naye duniani, mzeeke wote.