Bamia Pahala pa Maua

Mama yangu alikaa kwangu Mpendae miezi miwili kama mgeni, na adabu yake ilinitia wazimu. Mwanamke aliyenilea kwa makelele, sasa akitaka maji ya kunywa anauliza kwanza kama anaweza kuchota. Kanga zake hazikutoka mkobani. Kila asubuhi alizikunja upya na kuzirudisha mle mle, kama mtu anayengoja gari.

Tulimleta kutoka Makunduchi baada ya jirani kumkuta ameanguka uani, ana homa kali, na hakuna aliyejua amelala pale tangu saa ngapi. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Watoto tuko wawili tu: mimi mjini, kaka yangu Nungwi kwenye kazi ya hoteli. Mama alikubali kuja kwa sharti moja, kwamba Idi ikipita, akitaka kurudi kwake, kaka amrudishe. Kaka akaapa. Kaka yangu hajui kumkatalia mama kitu. Kazi hiyo ameniachia mimi tangu utotoni. Basi mimi nikawa naiogopa Idi, Mungu anisamehe.

Nilichoweza kufanya ni kumtunza. Akishika ufagio, nampokonya. Akitaka kuparua samaki, namwambia, "Mama, pumzika, umeshafanya kazi za kutosha." Mume wangu akanikumbusha kuwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimjibu kwa ukali kwamba mama yangu si mgeni. Kusema kweli, nilikuwa nimemfanya mgeni kuliko wote waliowahi kuingia nyumba ile.

Mbele ya nyumba nilikuwa na maua. Si asumini, maana hizo mama angeziheshimu. Yalikuwa maua ya mapambo tu, mekundu na ya zambarau, niliyoyanunua mche mmoja mmoja na kuyamwagilia hata siku maji ya bomba yalipokatika. Nilikuwa nayaringia.

Siku moja narudi kutoka sokoni, nikayakuta yamelazwa ukutani, mizizi juu. Mama amechutama katikati ya uwanja wangu, kanga kaifunga kibwebwe, jembe la kuazima mkononi. Mbegu za bamia alikuwa ameshazifukia. Miche ya tungule na ya mabilingani, sijui aliipata wapi, ilikuwa inangoja zamu ndani ya sufuria yangu nzuri.

"Mama! Maua yangu!"

Hata hakunyanyua uso. "Yanaliwa?"

"Hayaliwi, lakini..."

"Basi nipishe, jua linapanda. Miaka yote hii unanunua tungule sokoni na ardhi unayo! Nani kakufunza uvivu huo?"

Hasira zilinipanda. Nilishafungua mdomo nimjibu, na ningemjibu vibaya, kisha nikaufumba. Mgeni hang'oi maua ya mwenyeji wake. Mgeni hamwiti mwenye nyumba mvivu. Nikatua kapu, nikakaa kizingitini, mwili umelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Mama akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi, niambie tu ndoo ya maji niisogeze wapi.

Usidhani kila kitu kilistawi. Tungule nyingi zilinyauka, na mibilingani iliingiwa na wadudu. Mama aliyalaumu maji ya bomba, kisha kuku wa jirani, kisha mimi. Lakini bamia! Tulichuma kila siku kabla hazijakomaa, mpaka mume wangu akaomba, kwa unyenyekevu, apikiwe kitu kisichoteleza. Mama alimwambia akapike mwenyewe. Hata hivyo ule mkoba ulibaki umefungwa, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Idi pili kaka akaja na gari ya kuazima, kanzu nyeupe inang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umechelewa? Nakungoja tangu asubuhi."

Nikajua anaondoka.

"Nshakuja, mama. Mizigo iko wapi?"

"Mizigo gani?"

"Si tunakwenda Makunduchi?"

"Unakwenda wewe. Mimi nnakwenda wapi na bamia zimezaa? Huyu ndugu yako ataziacha zikomae. Nenda kwa jirani yangu, mwambie akujazie gunia la mavi ya mbuzi, uniletee leo leo. Ardhi hii imechoka."

"Mama, gari ya watu hii! Na mimi nimevaa kanzu!"

"Kanzu inafuliwa."

Nilikimbilia jikoni, nikajifuta machozi kwa pindo la kanga, nikampakulia kaka biriani upesi upesi. Nilitaka ale aondoke, mavi ya mbuzi yafike kabla mama hajabadili mawazo.