Mwanvua afundisha uchoraji kwa gundi ya magamba ya samaki

Saa moja asubuhi, na paka wa mtaa mzima wameshajipanga ukutani kwa Mwanvua Zahoro. Uani, sufuria ya magamba ya samaki inatokota, na harufu yake haimwombi ruhusa jirani yeyote.

“Mama Mwanvua, leo tena?” sauti inaita kutoka ng’ambo ya ua.

“Leo tena, Papa Grégoire. Funga dirisha!”

Mwanvua anacheka huku akichuja. Maji yaliyobaki ni mazito na yananata. Anayachanganya na udongo mwekundu uliosagwa, kisha analaza simu juu ya kigoda kilichopasuka, kamera ikichungulia chini kupitia ufa. Chini ya kigoda kuna kipande cha boksi. Lakini leo hatachora yeye. Anamsubiri mwalimu.

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na moja, wa familia ya wafanyabiashara wa ziwani, amechora majina ya mashua na vibao vya maduka ya mji wake wa Kalemie tangu usichana wake. Vita vilipopunguza safari za mashua, kazi ikakauka. Hakukunja mikono. Alianza kurekodi masomo mafupi ya kuchora na kuyatuma mtandaoni, na sasa yanafuatwa na watu zaidi ya elfu tatu, kuanzia Moba hadi Kigoma. Anachoshikilia ni kimoja: mwanafunzi wake asilazimike kununua rangi.

Msimamo huo ndio uliomponza.

Mwaka 2025, boti zilipokuwa zikishusha watu waliokimbia vita Uvira, Mwanvua alibeba sufuria yake hadi kambi iliyo pembezoni mwa mji ili afanye warsha. Siku hizo gundi yake ilikuwa uji wa unga wa muhogo. Akawasha moto, akakoroga, akili yote ikiwa kwenye kazi. Alipogeuka, akina mama walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na sahani yake. Alibabaika, akafanya alichozoea kufanya. Akamwaga udongo ndani ya sufuria.

“Tumeona bunga kwenye sufuria, tumeleta sahani, na weye unamwaga udongo?” mama mmoja alifoka. “Chakula ya watoto, unaenda kuipaka kwenye boksi?”

Alikuwa Émérence, mama aliyetoka Uvira. Sauti yake ilisikika kambi nzima kwa sababu yeye mwenyewe hajisikii. Mlipuko ulioanguka karibu na nyumba yake ulimwacha kiziwi. Siku ya kukimbia, katika msukumano wa ufukweni, alipotezana na mumewe Léon, fundi wa kufua shaba. Mpaka leo hajui kama yu hai. Pete ya shaba aliyofuliwa na Léon, yenye samaki wawili, aliishonea ndani ya pindo la kitenge isiporwe njiani, na hakuwahi kuitoa tena.

“Niliona haya hata kuokota sufuria yangu,” anasema Mwanvua. “Niliiacha palepale, nikarudi kwa miguu. Video zote za bunga nilizifuta.”

Angeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alizunguka mjini wiki baada ya wiki akitafuta kitu kinachonata ambacho hakuna mtu anayekila. Alikipata kwenye soko la samaki, mikononi mwa wanawake waliokuwa wakipara samaki aina ya kuhe: magamba yamewaganda, hata maji hayayatoi. “Nikajiambia, njo hii yenyewe.”

Jaribio la kwanza lilinuka mpaka wageni wake wakaaga mapema. La pili lilikubali, ila paka walibeba picha. Akajifunza kutundika kazi zake juu ya kamba, akarudi kambini, magamba yakiwa wazi ndani ya beseni ili kila mtu aone kinachoingia sufuriani.

Émérence aliinama, akanusa, akacheka hadi akakaa chini. “Hii hata mbwa wangu angekataa! Sasa nifundishe.”

Ila masomo yale yalijaa maneno, na Émérence aliishia kutazama midomo. “Masikio yangu yalibaki Uvira,” alimwambia, “lakini macho nilikuya nayo.” Tangu siku hiyo Mwanvua aliondoa sauti. Video zake ni mikono tu, taratibu, na hatua ngumu anairudia. Viziwi wanafuata, na hata wenye mtandao dhaifu wanazipata.

Sasa anapanga kupeleka warsha Zongwe na Mpala, na anataka kila mahali pawe na mwalimu wa palepale. “Nikikaa peke yangu na hii kazi, itakufa na mimi,” anasema.

Wa kwanza ni Émérence, ambaye ndiye huyu anayeingia uani akiwafukuza paka. Mwanvua anamwonyesha kwa ishara: uso hautaonekana, ni mikono tu. Émérence anainama kuitazama simu.

“Hata muntu wa mbali kabisa anaweza kuona?”

Mwanvua anatikisa kichwa kukubali.

Émérence anaketi, anavuta pindo la kitenge, anakata uzi kwa meno. Anaivaa pete, kisha anaiweka mikono yote miwili chini ya kigoda.

“Basi, rekodi. Kama Léon yuko mahali, atajua hii mukono.”