Risasi Yangu, Beberu wa Mkwe

Leo nimepiga risasi, beberu kachukua baba mkwe.

Tulikuwa kwenye mashindano ya bunduki hapa Igamba, zawadi beberu mmoja. Yadi mia sita, upepo mkali kutoka kushoto.

Shabaha ya mkwe ilikuwa kulia kwa yangu. Yeye alishapiga, akakosa, ila bendera za waliopata hupandishwa wote wakishamaliza kupiga.

Nikalenga kushoto kidogo, ili upepo uirudishe risasi katikati. Vitani kule Burma mbinu hiyo haikuniangusha hata siku moja.

Ila risasi za Burma zilikuwa zimechongoka. Leo Bwana DC katuletea za zamani, zenye ncha butu. Risasi butu hewa inaizuia zaidi, inachelewa kufika, na upepo unapata muda wa kuisukuma mbali.

Shabaha yangu haikuguswa. Bendera ikapanda kwa mkwe. Katikati kabisa.

Bwana DC akamkabidhi beberu.

Mkwe akanitazama. Nikainamisha macho. Kwetu Unyiha nani anabishana na mkwe mbele za watu?

Jioni mke wangu kaletewa paja moja kutoka kwao, na salamu:

“Mwambie mumeo upepo wa leo ulikuwa mzuri.”

Jamani, ninyi mngelila?