Viatu vya Kwaya kwa Jina la Mukami

Jirani yangu Mukami hajui kukataa. Nasema hivi nikiwa na hasira, na sitaki kutulizwa.

Tunapakana ukuta kwa ukuta hapa Kariobangi, mimi na duka langu la zipu na vifungo, yeye na mashine yake ya kufuma sweta za shule. Ni mashine ya zamani, ya mkono: unasukuma kichwa chake kulia na kushoto juu ya sindano, kutwa nzima, mpaka bega linawaka moto. Mwezi wa kumi na moja kichwa hicho kilivunjika, na hakingeweza kuchagua wakati mbaya zaidi. Mwalimu mkuu wa shule moja ya hapa karibu alikuwa amempa Mukami kazi ya sweta za shule nzima, tayari kwa Januari, na pesa za nyuzi akampa mkononi. Tangu mumewe afariki hakuwa amepata kazi kama hiyo.

Mafundi wa jua kali walijaribu kukichomelea kile kichwa, kikagoma. Mwishowe Mukami akakipata kingine mtandaoni, kwa muuzaji wa ng'ambo. Angekiagiza peke yake, hadithi ingeishia hapo.

Lakini Mukami huimba kwenye kwaya ya kanisa lao kule Tassia, na mwenyekiti wa kwaya ni Jacky, mwanamke ambaye akikutabasamia ujue kuna kazi unapewa. Akamwambia, "Dada, si unaagiza kitu huko nje? Tutie na viatu vyetu vya Krismasi kwa mzigo wako, tugawane nauli." Viatu vyeupe, vya aina moja, vya kwaya nzima. Nilimshauri kila mtu aagize chake. Akanijibu, "Waringa, ni viatu tu."

Wakachanga, wakalipa. Simu iliandika "jumla", nao wote wakaamini kwamba jumla ni jumla.

Mzigo ulifika katikati ya Desemba, na ujumbe ukaja kwamba kuna kodi ya kulipwa kabla ya kuuchukua. Mukami alisoma akadhani ni matapeli. Nikafunga duka, nikamsindikiza hadi ofisi ya kampuni ya vifurushi kule Embakasi. Kijana wa kaunta, Abdiwali, alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionikera, maana sikupata wa kugombana naye.

"Mama, ulicholipa ni cha muuzaji na cha usafiri," alisema. "Serikali hujalipa bado. Wanachukua bei ya vitu, wanaongeza nauli na bima. Hapo ndipo wanapopigia hesabu ya ushuru wa forodha. Halafu VAT inakuja juu ya hayo yote pamoja na huo ushuru. Kuna tena ada ya kutangaza mzigo, na tozo ya reli."

"Reli gani?" nikamuuliza. "Viatu vimekuja na ndege!"

"Ndiyo sheria, mama."

Mukami akainama kwenye kaunta kama anayenunua nyanya. "Nipunguzie kidogo basi, kijana wangu."

"Si yangu ya kupunguza. Na hivi viatu vingi vya aina moja, kwa macho yao wewe ni mfanyabiashara."

"Basi nipe kile chuma changu pekee. Viatu vikae."

Abdiwali akatikisa kichwa. Mzigo ni mmoja, jina ni moja, kodi ni moja. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kila siku mzigo unapolala pale, ada ya kuhifadhi inapanda.

Jumapili aliwaeleza wanakwaya, nao wakasikitika sana. Jacky akasema wao walishalipa, na kwamba jambo hilo lingojee kamati ikutane baada ya sikukuu. Adoyo wa sauti ya pili pekee ndiye aliyetoa fungu lake, kimyakimya. Mukami alingoja wengine siku kadhaa, ada ikipanda, kisha akachukua zile pesa za nyuzi, akalipa kodi yote. Niligombana naye, ndiyo. Akaniuliza, "Sasa bila kichwa nitafumia nini?"

Siku ya Krismasi kwaya iling'ara, miguu myeupe pepepe. "Barikiwa, dada," Jacky alimwambia. "Tutakusort pesa zako Januari."

Kichwa kipya kiliingia kwenye mashine sawasawa. Mukami akakipitisha juu ya sindano mara mbili, tupu, akatabasamu, akaenda kuomba nyuzi kwa mkopo. Wauza nyuzi wote walimkatalia. Msimu wa shule hakuna anayekopesha. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu akampa mtu mwingine kazi ile, na anataka pesa zake.

Jacky alikuja juzi. Nilikuwa nimekaa kwa Mukami, tunakunywa chai. Pesa hakuzitaja. "Dada, wale wahudumu wa kanisa wameona viatu vyetu, wanavitaka. Tutumie jina lako tena, maana wewe tayari unajua njia."

Nilifungua mdomo, Mukami akaniwahi.

"Hapana."

Jacky akacheka, akidhani ni utani. "Kwani kuna nini, dada?"

"Nimechoka, Jacky. Hata jina langu limechoka. Agizeni kwa majina yenu."

"Aii, Mukami. Umebadilika siku hizi."

Mukami alichukua shuka kuukuu, akaifunika mashine yake nzima isiyo na uzi, akaketi akamalizia chai yake iliyopoa.